Mtu akikonda kwa tumbo, tusiulize kwanza nani alimpikia

Huku kwetu Kivu ya Kusini, kijana akianza kuhara, akahara mwezi wa kwanza na wa pili, nguo zikamlegea mwilini na macho yakaingia ndani, kuna neno moja linalotembea mtaani kabla yeye hajafika kwa daktari: karuho. Amelishwa. Na neno hilo likishatamkwa, swali linalofuata halihusu tena tumbo lake. Linahusu nani alimpikia. Mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mwanamke: mama mkwe, bibi ya kaka, mama wa kambo, jirani aliyeleta sahani ya sombe siku ya matanga. Ndoa zinavunjika kwa neno hilo, na wamama wanahama mtaa kwa ajili yake. Mgonjwa mwenyewe anapelekwa kwa mtu wa kumtapisha, anatapika mpaka nguvu za mwisho zinaisha, na ugonjwa unaendelea na safari yake.

Juma hili tunaandika juu ya ugonjwa mmoja wa utumbo ambao sura yake inafanana kabisa na hadithi hiyo. Ni ugonjwa wa nadra, na wengi wenu mtaishi miaka yote bila kuuona. Lakini tumeuchagua kwa makusudi. Ni kanseri ambayo ikishikwa mwanzoni kabisa, kuna wagonjwa wanaopona kwa antibiotiki za kawaida, zile zile mnazoziona kwenye farmasi ya mtaa. Ikicheleweshwa, inageuka kuwa limfoma kali. Tofauti kati ya mambo hayo mawili inategemea sana kama kuna mtu aliyekata kipande kidogo cha utumbo kwa wakati, na mtu aliyekisoma.

Madaktari wanauita ugonjwa wa mnyororo wa alfa. Wengine wanauita limfoma ya Mediterania, kwa sababu wagonjwa wa kwanza walioelezwa walitoka nchi za kandokando ya bahari hiyo na nchi za Kiarabu. Jina hilo lisitudanganye tukadhani ni ugonjwa wa watu wa mbali tu, maana umeonekana pia Afrika ya Kusini na katika nchi za Asia. Mwaka 1968, mjini Paris, daktari Maxime Seligmann na wenzake walichunguza damu ya mwanamke kijana Mwarabu aliyekuwa akiharisha na kukonda, wakakuta ndani yake protini ambayo haikuwa kamili. Mwaka 1976 Shirika la Afya Duniani, OMS, likaupa ugonjwa huo jina refu zaidi la kitaalamu, ambalo hatutalihitaji hapa. Wanaopatwa zaidi ni vijana, tangu umri wa miaka 15 hivi mpaka 35, wa jamaa maskini, wanaoishi mahali ambapo maji si safi na vyoo havitoshi. Someni tena sentensi hiyo, kisha mtazame mitaa yetu.

Ndani ya mwili mambo yanakwenda hivi. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa metre 6 hivi, na kazi yake ni kunyonya chakula na kukipeleka kwenye damu. Kwa sababu kila siku vijidudu vinapita hapo pamoja na chakula, ukuta wa utumbo una walinzi wake, seli zinazotengeneza silaha za kupigana navyo. Silaha kamili ina minyororo mirefu na mifupi iliyoungwa pamoja. Kwa mgonjwa wa aina hii, kikundi kimoja cha walinzi, baada ya kuchokozwa na vijidudu muda mrefu, kinaanza kuzaana bila kipimo, na silaha kinachotoa ni mbovu: mnyororo mrefu peke yake, tena uliokatika. Ni kama fundi anayeleta fremu za mlango kila siku bila milango yenyewe. Walinzi hao wanajaa ukutani mpaka ukuta unakuwa mnene na mgumu, na utumbo unashindwa kunyonya. Mgonjwa anakula bugali na samaki kama wengine, lakini chakula kinapita tu.

Ni vijidudu gani vinavyochokoza? Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba ndani ya utumbo wa mgonjwa mmoja walikuta bakteria inayoitwa Kampilobakta, na kwamba mgonjwa huyo alipata nafuu kubwa kwa antibiotiki. Wakarudi kwenye vipande vya zamani vilivyohifadhiwa, vya wagonjwa wengine 6, na katika 4 wakaikuta. Bakteria hiyo inapenda kuku. Inaingia kwa nyama ya kuku isiyoiva vizuri, kwa maji yasiyochemshwa, kwa mikono iliyoshika kuku na kushika chakula. Hatusemi mfukuze kuku wenu, na maelfu ya watu wanaipata, wanahara siku chache, wanapona, yanaisha. Lakini kuku wanaolala ndani ya chumba kimoja na watoto ni jambo la kufikiria, hata bila kanseri.

Sasa dalili. Kuhara kusikoisha, choo chenye mafuta au chenye kunuka kupita kawaida. Maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kama mkazo. Kukonda, na kukonda huku ni kwa haraka. Miguu kuvimba kwa sababu protini imepungua mwilini. Mikono kukakamaa au kuchomachoma kwa sababu kalsiamu haipatikani. Kwa wasichana na wamama vijana, kukosa siku za mwezi, na hapo watu wanaanza kusema ni mimba au kwamba alitoa mimba, yaani masingizio mengine juu ya masingizio. Kuna dalili moja ambayo hata mama asiyejua kusoma anaweza kuiona: ncha za vidole vya mikono zinavimba na kuwa duara kama ncha ya fimbo ya ngoma, na kucha zinajikunja kuelekea chini. Dalili hiyo inapatikana pia katika magonjwa mengine, ya mapafu na ya moyo. Lakini kijana mwenye kuhara kwa miezi, anayekonda, na vidole vyake viko hivyo, asitibiwe tena kwa kukisia.

Na huku kwetu kukisia ndiyo desturi. Mgonjwa wa tumbo anatibiwa amiba. Asipopona, tifoide. Asipopona, minyoo. Kisha anarudishwa kwenye amiba, maana farmasi nyingine imefunguliwa. Kwa ugonjwa huu jambo hilo lina mtego wake: antibiotiki ya siku tano inaweza kupunguza kuhara kwa muda, watu wanafurahi, kisha kunarudi, na kila mtu anasema dawa ilikuwa ya uongo au adui amerudia. Kumbe matibabu ya ugonjwa huu hayahesabiwi kwa siku. Yanahesabiwa kwa miezi.

Mtego wa pili tunauona mbaya zaidi, na tungependa kila mama aukumbuke. Mtu akikonda, ndugu zake wanamnunulia vidonge vya kunenepesha sokoni. Baadhi ya vidonge hivyo ni deksametazoni, au prednizoloni ambayo ni ya jamaa moja nayo. Mashavu yanajaa, hamu ya kula inarudi, watu wanasifu. Lakini dawa za kundi hilo zinaua seli za limfoma kwa muda bila kuzimaliza. Zinafuta alama zake, kama mvua inavyofuta nyayo barabarani. Kipande cha utumbo kikikatwa wakati huo, anayekisoma anaweza asione kitu, na ugonjwa ukaendelea kukua kimya. Ikiwa mgonjwa wenu amekwisha kuvimeza, msione haya: mwambieni daktari jina la dawa na tarehe. Asiviache ghafula mwenyewe bila ushauri, kwa sababu kukatiza ghafula baada ya muda mrefu nako kuna hatari.

Njia nzuri inaanza na mambo rahisi. Choo kipimwe kwa darubini, zaidi ya mara moja, kwa sababu minyoo na vijidudu vingine vinaweza kuleta kuhara kurefu. Kipimo cha SIDA kifanywe, na kisichukuliwe kama tusi: SIDA yenyewe inaleta kuhara na kukonda, na tena inafungua njia kwa limfoma za aina nyingine. Kifua kikuu kitafutwe, kwa sababu kinaweza kukaa tumboni bila kikohozi, na kwa macho kinafanana na limfoma kama mapacha. Echografia ya tumbo inaweza kuonyesha tezi zilizovimba na ukuta wa utumbo ulionenepa. Hayo yote ni mlango tu. Jina la ugonjwa bado halijapatikana.

Ndipo inapokuja endoskopi, ambayo wengi hapa wanaiita fibroskopi au fibro kwa kifupi. Wamama wengi wanaiogopa kuliko upasuaji, kwa sababu ya yale waliyosimuliwa kwenye foleni ya maji. Ni mrija laini unaopinda, mnene kama kidole kidogo, wenye kamera na taa kwenye ncha. Mgonjwa halali njaa siku tatu kama wengine wanavyodai. Anatakiwa asile chakula kigumu kwa saa 6 mpaka 8 hivi, kusudi tumbo liwe tupu. Anapuliziwa dawa ya ganzi kooni, analala ubavu wa kushoto, anauma kipande cha plastiki ili meno yasiharibu mrija. Mrija unapita mdomoni, kooni, tumboni, mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba. Hauingii kwenye njia ya hewa, kwa hiyo mgonjwa anaendelea kupumua kwa pua. Kutapikatapika kupo, machozi yanatoka, si raha. Lakini kwa kawaida kazi haifiki nusu saa, na mara nyingi ni dakika chache. Baadaye asile wala asinywe mpaka ganzi ya koo iishe. Mwenye mimba, mwenye pumu au moyo, mwenye kumeza aspirini au dawa za kuyeyusha damu, aseme kabla. Akirudi nyumbani akapata maumivu makali, homa, au akatapika damu, arudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa bahati nzuri, ugonjwa wa mnyororo wa alfa unapenda kukaa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, mahali ambapo mrija wa kawaida wa tumbo unaweza kufika. Lakini daktari lazima aamue kufika huko. Endoskopi nyingi zinafanywa kutafuta vidonda vya tumbo, na aliyetumwa kutafuta vidonda anaweza kutazama tumbo, akachungulia mlango wa utumbo, akarudi. Kwa sababu hiyo karatasi ya kumtuma mgonjwa isiandikwe tu maumivu ya tumbo. Iandikwe: kuhara miezi kadhaa, kukonda kilo kadhaa, tafadhali vipande vya utumbo mwembamba. Mama anaweza kuomba iandikwe hivyo. Si ujeuri.

Kamera inaona nini? Katika miaka ya 1980 madaktari wa Tunisia na wa Ufaransa, ambao walikuwa na wagonjwa wengi wa aina hii, walikaa pamoja wakaeleza sura tano. Kuna ukuta uliojaa na kukakamaa, usiotanuka vizuri hewa ikipulizwa, na hiyo ndiyo sura inayoelekeza zaidi kwenye limfoma. Kuna vinundu. Kuna vidonda. Kuna ngozi iliyopasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Na kuna mikunjo iliyonenepa tu, bila kitu kingine. Sura hizo nyingine nne, kila moja ikiwa peke yake, zinaweza kuwa za ugonjwa mwingine: kifua kikuu, minyoo, hata upungufu wa chakula. Tena utumbo unaweza kuonekana karibu wa kawaida na huku ndani ya ukuta ugonjwa upo. Mtu akirudi nyumbani akiambiwa kwamba kamera haikuona kitu, nusu ya kazi bado haijafanywa.

Nusu hiyo ni biopsi. Kupitia tundu ndani ya mrija, daktari anaingiza koleo dogo sana na kung’oa vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Mgonjwa hasikii uchungu wa kukatwa, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo haina hisia hiyo. Kipande kimoja hakitoshi. Vinatakiwa kadhaa, kutoka sehemu mbalimbali, hata pale panapoonekana pazuri, na viwe na kina cha kutosha, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa mwepesi juu na mzito chini. Kuna wakati vipande vya endoskopi havitoshi na mtu anapaswa kupasuliwa tumbo ili tezi zenyewe zichukuliwe. Basi siku hiyo daktari akisema hivyo, msimuone amekosa kazi.

Vipande vinatiwa mara moja kwenye dawa inayoitwa formoli, iliyochanganywa kwa kipimo. Vikiachwa vikauke, vinaharibika. Vikitiwa kwenye maji ya chumvi halafu vikasafiri siku mbili, vinaoza. Mnaweza kucheka kwamba tunaandika habari za chupa, lakini kwenye barabara zetu chupa ndiyo inayoamua. Kofia ifungwe vizuri, jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kofia, pamoja na tarehe na mahali kipande kilipotoka. Madaktari wanaosoma vipande kwa darubini ni wachache sana katika nchi yetu, na mara nyingi chupa inasafiri kwenda mji mwingine au hata nchi jirani. Huko kipande kinawekwa ndani ya nta, kinakatwa kuwa utando mwembamba, kinatiwa rangi. Kwa limfoma rangi ya kawaida haitoshi. Panahitajika rangi za pekee zinazotambua aina ya seli na aina ya mnyororo wanaoutengeneza. Ndipo jina linapoandikwa.

Jina hilo linakuja na daraja lake. Katika daraja la kwanza, A, seli zilizojaa ukutani bado ni komavu na hazijapenya chini. Hapo mgonjwa anapewa antibiotiki, tetrasiklini kwa mfano, kwa miezi 6 au zaidi, pamoja na kurudishiwa vitamini na madini aliyoyapoteza, na kutibiwa minyoo aliyo nayo. Baadhi yao ugonjwa unatoweka kabisa. Si wote, na kwa hiyo kamera inarudishwa tena baadaye na vipande vinakatwa upya, hata mtu akiwa amenenepa. Tetrasiklini haifai kwa mwenye mimba wala kwa mtoto mdogo, kwa hiyo mtu asisome gazeti hili akaenda kuinunua. Katika daraja la B na la C, seli zimebadilika na kupenya, na dawa ni kemoterapi, ndefu, ghali, inayodai hospitali yenye uwezo. Mtu haanzi kwenye C. Kwa kawaida anafika huko baada ya miezi mingi au miaka, wakati sisi tukijadili nani alipika.

Kuna vyombo vingine ambavyo mtasikia watoto wetu walio Ulaya wakivitaja. Kidonge chenye kamera, kilichotangazwa mwaka 2000, mtu anakimeza na kinapiga picha utumbo wote. Lakini hakikati kipande, na utumbo ukiwa umebana kinaweza kukwama. Huko Japani daktari Hironori Yamamoto alibuni mrija wenye baluni unaotambaa ndani kabisa ya utumbo mwembamba, na huo unaweza kukata. Ni vyombo vizuri. Kwa ugonjwa unaoanzia juu, mrija wa kawaida ulioko katika miji yetu, ukishikwa na mtu anayejua anatafuta nini, unafanya sehemu kubwa ya kazi.

Watoto wana habari yao tofauti. Mtoto ambaye tumbo linavimba kwa siku au majuma machache tu, au taya linavimba, huenda ana limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Hiyo inakua kwa kasi ya kutisha, haingoji juma lijalo, na mtoto apelekwe hospitali kubwa moja kwa moja. Ikitibiwa kwa haraka, watoto wengi wanapona.

Inabaki feza, na hatutajifanya hatuioni. Endoskopi ni bei moja, kusoma vipande ni bei nyingine, na jamaa nyingi zinalipa ya kwanza zikidhani zimelipa yote. Chupa inabaki kwenye dirisha la hospitali. Ulizeni bei zote mbili kabla mgonjwa hajalala kwenye kitanda. Wale wenye mutueli ya afya waulize inachukua sehemu gani. Katika vikundi vyetu vya AVEC, kasha la mshikamano linatoka kwa matanga bila mjadala. Kuna vikundi ambavyo vimeanza kukubali litoke pia kwa vipimo, na wengine wangeweza kulijadili mkutano ujao. Feza ambayo jamaa inampa mtu wa kutapisha, pamoja na kuku wake na kitambaa chake, wakati mwingine haiko mbali na bei ya kusomesha vipande.

Majibu yanaweza kuchukua majuma. Andikisheni namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya mtu mwingine asiyehamahama, na mtu mmoja apewe kazi ya kwenda kuuliza kila juma. Karatasi ikitoka, ombeni nakala na muiweke nyumbani pamoja na kadi za chanjo za watoto. Ombeni pia kile kipande cha nta kihifadhiwe, maana daktari wa mji mwingine anaweza kukihitaji kukisoma tena bila kumrudisha mgonjwa chini ya mrija.